Simu Isiyo na Duka

Simu yenyewe ilitoka Uchina. Mwanangu anafanya kazi ya ghala huko, akampa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, na mtu huyo, Mungu ambariki, akaileta mpaka mlangoni kwangu hapa Mpumudde, kando ya Jinja, ikiwa bado kwenye sanduku lake. Nyeusi, nyembamba, kioo kikubwa kiasi cha mtu kujiona mikunjo yote ya uso. Niliipenda palepale. Niliionyesha hata kwa mwanamke wa jirani ambaye tulikuwa hatusemezani tangu kuku wake walipomaliza mboga zangu za sukuma, na anayenijua ataelewa hapo nilikuwa na furaha kiasi gani. Halafu nikairudisha sandukuni na kuitia kabatini, nisije nikaichakaza bure wakati ile ya zamani bado inafanya kazi.

Nisiwe mwongo, mimi si mtu rahisi. Nilikuwa askari jela maisha yangu yote ya kazi. Wanawake niliowafungia milango walikuwa wakinyamaza wakisikia viatu vyangu, na nilipostaafu sikujua namna ya kuzungumza na watu wenye uhuru wa kuinuka na kuondoka. Mume alishatangulia. Hapa Mpumudde wananiita Afande, wananisalimia kwa adabu, wanapita haraka. Kiswahili changu nacho hakinisaidii. Wazee wa hapa wakikisikia wanakumbuka wanajeshi waliowapiga mateke zamani zile, basi wananijibu kwa Lusoga au kwa Kiingereza, ili mradi wasinijibu kwa lugha niliyowauliza. Sisi kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani. Baba alitoka kaskazini, mama alitoka upande wa Nakaloke, hawakuwa na lugha nyingine ya kuulizana chumvi iko wapi. Tulizaliwa kwenye laini ya nyumba za askari, tukalelewa kwa Kiswahili, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Ila mdogo wangu hakukisikia hata siku moja. Ni kiziwi tangu kuzaliwa.

Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na baba hakutaka kusikia habari zake. Kwa hiyo tulijitengenezea lugha ya mikono wenyewe, pale uani, mimi nikiwa na miaka saba na yeye minne. Baba alikuwa mikono miwili inayofunga mkanda. Mama alikuwa kitambaa kinachofungwa kichwani. Uhamisho, ambao ulikuwa ukitukuta kila tukizoea mahali, ulikuwa godoro begani. Jumapili ilikuwa kusugua kiatu. Mama alijifunza kidogo, baba hakujifunza. Watoto wa laini walimwita kasiru, neno ambalo huku linamaanisha bubu na mjinga kwa pamoja, na nilipigana kwa ajili ya neno hilo mpaka mama akachoka kunishonea magauni yaliyochanika. Miaka ikaenda, lugha ikakua pamoja nasi, ikapata maneno ya mapenzi, ya siasa, ya matusi. Mwalimu mmoja wa lugha ya alama alipotuona Mbale tukiongea alisema hakuelewa hata robo. Watu wanaoijua duniani ni wawili. Mmoja anakaa Malukhu, Mbale, anashona sare za shule. Mwingine ni mimi.

Hajui kusoma, kwa hiyo ujumbe wa maandishi haumfai. Simu ya sauti ni kichekesho. Lakini ile programu ya kupigiana kwa picha ilipoingia kwenye simu za watu, Mungu wangu! Kila Jumapili saa kumi alasiri ananunua bando, anawasha data, anasimamisha simu yake juu ya cherehani. Siku nyingine hawashi, mchoyo yule. Mimi naegemeza yangu kwenye birika, na tunaongea mpaka mabega yanauma. Namsema jirani na kuku wake. Yeye anawasema walimu wakuu wanaotaka sare za shule nzima kwa siku tatu. Ananiiga ninavyotembea, kifua mbele kama bado niko gwaride, na mimi nacheka mpaka machozi. Anayepita nje hasikii kitu isipokuwa mwanamke mzee anacheka peke yake ndani. Wiki nzima naweza nisiseme jambo lolote la maana na binadamu yeyote, lakini Jumapili saa kumi nilikuwa mtu mwenye mengi ya kusema.

Basi Jumatatu moja simu ya zamani ikanidondoka kwenye saruji, kioo kikawa giza tupu. Sikujali. Si nilikuwa na ile ya Uchina kabatini? Nikatia laini, nikaiwasha, ikanikaribisha kwa muziki mzuri. Nikaanza kutafuta duka la programu ili nipakue ile yetu ya picha. Nikasogeza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kulikuwa na dira, tochi, programu ya kupima mapigo ya moyo, na vingine vya Kichina nisivyojua ni vya nini. Duka halikuwepo.

Nikaipeleka Jinja mjini kwa fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Ni mtu wa makamo, Mwislamu, mtulivu kupita kiasi, na Kiswahili chake kimenyooka, jambo lililonifanya nimpende na kumgombeza zaidi ya wengine. Akaigeuzageuza simu, akaibonyeza hapa na pale, akavuta pumzi.

"Afande, simu hii imetengenezwa iuzwe kulekule kwao. Kule wana maduka yao. Duka tulilozoea sisi haina, na ukilitia kwa nguvu itasema hailitambui."

"Basi itie huo utambuzi."

"Si sindano, Afande."

"Unaweza au huwezi?"

"Naweza kujaribu," akasema, na akavuta kiti chake karibu.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Akaacha habari ya duka, akaitia ile programu ya picha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yake kuukuu. Simu ikaleta onyo jekundu: kitu hiki kinatoka kwenye chanzo kisichojulikana, je, unaruhusu? Ala! Miaka yote ile nilisimama getini kuzuia visivyojulikana, nikachana mikate kutafuta visivyojulikana, leo naulizwa kama naruhusu. Nikaruhusu. Programu ikafunguka, moyo ukaruka. Halafu ikasema toleo hili limepitwa na wakati, tafadhali nenda kwenye duka ulisasishe.

"Duka gani?" nikaiuliza simu kwa sauti. Watu wawili waliokuwa wakinunua chaja wakageuka.

Fundi akalijaribu duka lenyewe. Likafunguka, likajifunga. Likafunguka, likajifunga. Akaniambia lina vipande vinne, na kila kipande kinategemea kilichotangulia. Lazima viingie kwa mpangilio, na viwe vya umri mmoja na simu. Vya aina hiyo hakuwa navyo, angevitafuta kwa mafundi wenzake. "Njoo Alhamisi," akasema.

Alhamisi vipande vilikuwa havijapatikana, na Jumapili ikawa inakaribia. Nikampigia mwanamke anayekaanga chapati mbele ya chumba cha mdogo wangu kule Malukhu. Ni mama mwema, namba yake ninayo kwa ajili ya dharura. Nikamwambia: mwonyeshe kwamba simu yangu imeharibika, mimi niko salama, asubiri. Baada ya nusu saa akanipigia.

"Afande, nimemwambia. Nimemwonyesha simu, nimemwonyesha imekufa, nimemwonyesha wewe uko sawa, asubiri. Ametingisha kichwa. Ameelewa kabisa."

Nikamshukuru, nikarudi kwenye shughuli zangu nikiwa nimetulia roho. Jumapili ile saa kumi niliketi mezani kwa mazoea. Birika lilikuwepo. Nikalitazama, nikainuka, nikaenda kulala mapema.

Mtu atauliza, na ana haki: vibanda vyote vya Jinja vimejaa simu za kawaida zenye duka lake tayari, kwa nini usichukue moja? Sikutaka. Hii alinitumia mwanangu. Na zaidi ya hapo, ilishakuwa vita. Sijawahi kushindwa na mlango maishani mwangu, nikasema sitaanza kushindwa na kidude cha kuwekwa mfukoni.

Wiki ya pili vipande vikapatikana. Fundi akavitia kimoja kimoja, akizima simu na kuiwasha kila mara, na mimi nimesimama juu yake kama msimamizi wa zamu. Duka likafunguka, na safari hii likabaki wazi. Likaniuliza akaunti yangu na nenosiri. Nikamwangalia fundi. Fundi akaniangalia.

"Nani alikufungulia akaunti, Afande?"

"Mwanangu, kabla hajasafiri."

"Na nenosiri?"

Nikajaribu jina la mume wangu. Nikajaribu mwaka niliozaliwa. Nikajaribu namba yangu ya kazi, ambayo hata ukiniamsha usingizini nitakutajia. Duka likasema nimekosea mara nyingi mno, nisubiri. Nilimpigia mwanangu, lakini kule kwao ilikuwa zamu na hakupokea. Alipopokea siku ya tatu akanicheka, akasema nenosiri ni namba yangu ya kazi na alama ya mshangao mwishoni. Nilitaka kumpiga kofi kutoka hapa mpaka Uchina! Jumapili ya pili ilikuwa imeshapita.

Wiki ya tatu nikarudi na nenosiri nikiwa nimeliandika kiganjani. Kumbe simu ilikuwa imejisasisha yenyewe nikiwa nimelala. Iliona vile vipande vinne si vya kwao, ikavifagia vyote. Haikubaki hata alama. Hapo nilipandwa na hasira kweli. Nilimwambia fundi maneno ambayo hakustahili, nikamwambia ananichezea, nikamwambia ndugu yangu anakaa wiki tatu bila mtu wa kuongea naye kwa sababu ya uvivu wake. Yule bwana hakunijibu kwa hasira. Aliniuliza tu:

"Huyo ndugu yako hana mtu mwingine?"

"Hana."

"Na wewe?"

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Jumapili ile ya tatu ilikuwa mbaya. Nilikuwa naosha vyombo nikagundua mikono yangu inasema. Ilikuwa inamsimulia mdogo wangu habari za fundi, za nenosiri, za kofi la kufika Uchina, povu la sabuni likiruka ukutani. Nikalifunga bomba, nikasimama pale jikoni na mikono yangu iliyolowa. Sikuwahi kujiona mpweke namna ile, hata siku niliyomzika mume wangu, maana siku ile jioni mdogo wangu alikaa nami barazani na tukaongea. Nikasema liwe liwalo, kesho nitamwomba fundi msamaha. Na kweli nilimwomba. Akasema yameisha, ila nimwachie simu mpaka Jumapili, maana vipande vipya mwenzake alikuwa anavitoa mbali.

"Jumapili unafanya kazi?"

"Mimi Ijumaa mchana ndio usinitafute."

Nikafua nguo zangu asubuhi na mapema Jumapili hiyo ya nne, nikaanika, nikawa kibandani hata fundi hajamaliza chai yake. Simu ilikuwa tayari mezani, vipande vyote vimeingia, na amezima ile tabia yake ya kujisasisha. Nikatia nenosiri. Duka likafunguka, likanitajia jina langu. Nikalibonyeza nikitegemea litajifunga, halikujifunga. Programu yetu ya picha ikashuka, ikakaa mahali pake, ikaniomba namba, ikakubali. Na mara nikamwona mdogo wangu, ile picha yake ndogo ya duara, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Nilimshika fundi mkono kwa mikono miwili. Akaona haya, akasema, "Basi, Afande, basi."

Nikapiga hapohapo. Haikumfikia, na sikushangaa, yeye data ni saa kumi tu. Lakini ningesubiri vipi mpaka saa kumi? Nikampigia yule mama wa chapati nimwombe amwambie awashe.

"Hayuko," akasema. "Alitoka alfajiri sana, mlango umefungwa. Amevaa suti nyeusi, maridadi kabisa! Mimi nimefikiri leo ameenda kanisani."

Mdogo wangu haendi kanisani. Aliacha kwenda siku alipozikwa mama, na suti hajawahi kuwa nayo. Anashonea watu, yeye mwenyewe huvaa shati moja mpaka kola inatoka nyuzi. Nikawaza mengi mabaya kwa mara moja: mtu asiyesikia honi barabarani, mtu asiyeweza kumwambia polisi anaitwa nani. Sikurudi nyumbani hata kufunga dirisha. Nilivuka mpaka stendi nikapanda gari la Mbale.

Njia nzima nilikuwa namfikiria mama, bila kupenda.

Mama alifia hospitali ya Mbale. Mimi nilikuwapo, mdogo wangu alikuwa chumbani kwake anafanya kazi. Wajomba na baba wadogo wakakaa kikao wakaamua: huyu kasiru asiambiwe mpaka mwili ufike nyumbani, atafanya fujo, nani ataweza kumtuliza? Wakaniambia mimi ndiye ninayemwelewa, basi mimi ndiye nimweleze asubiri. Mimi niliyewapiga watoto wa laini nzima kwa sababu ya neno hilo, siku ile nililisikia kwa wazee nikanyamaza. Nikaenda. Akaniuliza: mama? Nikamwambia: anaendelea vizuri, wewe subiri. Alifurahi. Alikuwa na kitambaa cha kijani alichokuwa amekiweka siku nyingi, akaanza kumshonea mama gauni la kutokea hospitali. Alikuwa anamalizia upindo, mimi nimekaa mbele yake namtazama, gari lilipokata kona na jeneza nyuma.

Hakunipiga, hakunisukuma, hakulia mbele yangu. Alikaa karibu mwaka mzima bila kusema nami neno, mikono mifukoni. Halafu siku moja alisugua kiatu hewani, akaniuliza Jumapili nitakuja? Tukaendelea kuanzia hapo. Habari ile hatujaizungumza tena mpaka leo.

Na mimi mwezi mzima nilikuwa nimemwambia, kwa mikono ya mama wa chapati: niko salama, wewe subiri.

Yule mama alikuwa na ufunguo wa akiba, akanifungulia chumba. Hapakuwa na fujo yoyote. Kitanda kimetandikwa, sare za shule zimekunjwa na kupangwa. Chini ya cherehani kulikuwa na mabaki ya kitambaa cheusi, vipande vya bega na vya mfuko, na nyuzi nyeusi zimetapakaa sakafuni. Amejishonea mwenyewe. Nikauliza alianza lini. Mama wa chapati akasema, "Kama wiki mbili hivi. Alikuwa anashona na kufumua, anashona na kufumua. Mimi nimesema pengine anataka kuoa." Akacheka, halafu akaniona uso, akaacha kucheka.

Niliketi kwenye kiti chake. Nilijua sasa amekwenda wapi, lakini sikujua kama amefika. Kwangu alikuja mara moja tu, miaka mingi iliyopita, nikiwa nimemshika mkono. Ningempigia nani Mpumudde aende kuchungulia? Watu wote wa mtaa ule nawajua sura, na sina namba ya hata mmoja. Hata yule wa kuku. Nikaisimamisha simu ya Uchina juu ya cherehani, mahali anapoiweka yeye yake, nikangoja saa kumi kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Nililia, siwezi kuficha. Mama wa chapati aliniletea chai ikapoa.

Saa kumi na dakika chache simu ikatetemeka.

Picha ilikuwa safi kuliko siku zote tangu tuanze. Nikamwona mdogo wangu, na nyuma yake baraza yangu, mlango wangu, beseni langu limeegemea ukuta. Amevaa koti jeusi lililomkaa vizuri ajabu, na shati jeupe. Macho yamevimba. Akanitazama, halafu akatazama nyuma yangu, akaiona kalenda yake ukutani na sare zake. Akageuka akatazama mlango wangu. Akanirudia.

Kisha akauliza: wewe?

Mimi.

Mzima?

Mzima.

Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na alipofunika uso hakuwa na ya kusemea, kwa hiyo tulikaa hivyo.

Alipoweza, alinisimulia. Alimwonyesha mwendesha boda picha ya geti langu aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu, wakazunguka Mpumudde yote mpaka wakaliona. Alitegemea kukuta turubai, viti, watu wanapika. Akakuta kimya na geti limerudishwa tu. Akasema moyoni: wamenificha tena, wameshamaliza kuzika. Akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kaburi. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimelima tuta jipya Ijumaa, udongo bado mweusi. Akalikuta.

Akaisogeza simu chini akanionyesha magoti ya suruali yake. Yalikuwa na matope.

Alikaa pale, akasema, muda mrefu sana. Alipoinuka aliona nguo kwenye kamba. Akazishika. Zilikuwa mbichi. Akajiambia nani anamfulia marehemu? Akakaa barazani na kungoja saa kumi ifike awashe data, kama siku zote, kwa sababu aliogopa kuiwasha kabla ya saa yake.

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia kwa mikono na kwa mdomo, kwa Kiswahili, ingawa hanisikii. Nikamwambia simu ilivunjika kweli, safari hii haukuwa uongo, yule mama alikuambia kweli.

Akanitazama akiwa ametulia. Sikuona hasira kwake, na ningependa ingekuwepo, hasira naijua, ningepambana nayo. Akainua mkono, akachora barabara hewani kutoka kwake mpaka kwangu, fupi, kiasi cha kiganja kimoja tu. Nimeifanya asubuhi moja, akasema, mimi nisiyesikia na nisiyejua kusoma. Wewe Jumapili tatu. Kwa nini hukuja?

Nikainua mikono nimjibu. Nilikuwa na habari ya fundi, ya vipande vinne, ya nenosiri, ya simu iliyofagia kila kitu nikiwa nimelala. Nilitaka kumwambia kwamba kila siku nilikuwa nahangaika kwa ajili yake. Lakini katika lugha yetu hakuna neno la duka linalokosekana ndani ya simu, na hata lingekuwepo lisingekuwa jibu la alichoniuliza. Mikono ikabaki hewani, mbele ya kioo kile kizuri kinachoonyesha kila kitu.

Akangoja. Alingoja kwa subira, kama ninavyomjua, na mimi niliketi kwenye kiti chake, mikono bado juu.